Ndizi Nazo Hupumua

Kuna harufu moja ambayo sijaizoea mpaka leo. Ni harufu ya ndizi zinazoanza kuiva mahali palipofungwa, ikichanganyika na joto la makala, yaani makaa ya kupikia. Ni tamu mno, nzito, kama asali iliyosahauliwa karibu na moto. Juzi nilinunua mkungu kwenye soko la mtaa wetu wa Manika nikauweka jikoni, na asubuhi yake, kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimeshafungua mlango wa nyuma na kuuzuia kwa kipande cha mti kilichokuwa cha mama yangu. Ilikuwa mwezi wa saba, na ninyi mnaoishi Kolwezi mnajua jinsi baridi ya mwezi wa saba inavyouma kabla jua halijapanda. Wanangu walijifunika mablanketi, wakauliza kwa nini mlango wetu haufungwi kama milango ya watu wengine. Niliwaambia ndizi zinahitaji kupumua. Jibu hilo sikulitunga mimi, na nilikaa nalo miaka mingi kabla ya kulielewa.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba zamani matunda yalikuja kwetu kwa treni. Siku hizi reli ni ya shaba zaidi, na nanasi zinafika juu ya malori, zimejaa vumbi. Wakati ule mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliokwenda upande wa Kasaji kununua ndizi na nanasi, wakazipakia katika behewa la mizigo, kisha wakapanda humo humo pamoja nazo. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi. Mtu hakuyaacha matunda yasafiri peke yake, kwa maana kwenye miinuko treni ilitambaa polepole kama kinyonga, na vijana wa vijijini walijua kurukia behewa lisilo na mtu na kumwaga mikungu porini. Kwa hiyo mfanyabiashara alilala juu ya mali yake, akala hapo, akasali hapo.

Behewa lenyewe lilikuwa sanduku la chuma lisilo na dirisha. Mlango wake ulikuwa wa kuteleza pembeni, na nje ya mlango kulikuwa na komeo zito ambalo, mlango ukifika mwisho, lilianguka lenyewe na kujifunga. Ukiwa ndani hukuweza kulifikia. Ndiyo maana kila mwanamke aliyesafiri na matunda alikuwa na kabari yake, kipande cha mti mgumu kilichochongwa kwa panga, cha kuchomeka kwenye reli ndogo ya mlango ili ubaki wazi kiasi cha kupitisha kiganja. Kabari ya mama ilikuwa nyeusi kwa kushikwashikwa. Ilikaa katika kikapu chake pamoja na sabuni na kitabu cha nyimbo za kanisani, na hakuna aliyeruhusiwa kuichezea.

Mwaka mmoja, likizo kubwa ya shule ilipofika, mama alikubali kunichukua. Nilikuwa mtoto wa meno ya mbele kung'oka. Alikuwa akiniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, nami nilikuwa nikimwita mama, kwa hiyo nyumbani kwetu neno hilo lilirushwa kama mpira. Tulisafiri na rafiki yake, Mama Odeti, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na kicheko kilichoanzia tumboni. Mama Odeti aliweza kumtania hata mkuu wa stesheni. Aliniambia kwamba nikilia njiani atanipanga kati ya mikungu na kuniuza pamoja na ndizi, tena kwa bei ndogo, kwa kuwa sikuwa na meno.

Tulipokuwa tukipakia huko Kasaji, mama alinionyesha kazi ilivyofanywa. Kwanza majani makavu chini, ili chuma kisiguse matunda. Kisha nanasi, upande wa nyuma. Kisha mikungu ya ndizi, ikisimama wima, ikiegemeana, na katikati nafasi ndogo ya sisi kukaa pamoja na mbabula, lile jiko letu la makala. Mwisho akaichomeka kabari mlangoni, akaipiga kwa jiwe. Nilimuuliza kwa nini tusifunge, maana upepo ulikuwa unaingia.

"Ndizi ikikatwa haikufe, mama," alisema. "Iko inapumua. Ukiifungia, inajipika yenyewe, na roho yake inageuka nyeusi."

Kwa mtoto, maneno ya namna hiyo si mfano. Nilitega sikio kwenye mkungu uliokuwa karibu nami, nikasikia kitu, pengine damu yangu mwenyewe, nikaamini kwamba ndizi zilikuwa zinavuta pumzi taratibu kama watoto waliolala. Tangu hapo nilizungumza kwa sauti ya chini ndani ya behewa. Nilijua sasa mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya nani.

Treni ililala Mutshatsha, ikaondoka alfajiri. Sijui kama nimewahi kuhisi baridi kama ile. Chuma cha behewa kilikuwa kimeinywa usiku kucha, na sasa kilikuwa kinatugawia sisi. Upepo uliingia kwenye upenyo wa mlango kama maji. Mama alikuwa amenivisha kikwembe chake cha pili juu ya sweta yangu, lakini meno machache niliyokuwa nayo yaligongana. Mama Odeti aliwasha mbabula, akaipulizia mpaka makala yakawa mekundu bila moshi, akanyoosha mikono yake juu yake. Kisha akautazama mlango.

Alianza kwa utani. Alisema kwamba mama alikuwa anaupa upepo moto wa bure. Baadaye akaleta hoja ya biashara: siku iliyofuata ilikuwa siku ya soko, na joto likibaki ndani, ndizi zitaingia Kolwezi zikiwa njano, lakini zikifika kijani tutazitazama mpaka wiki nyingine. Mama alikataa. Alisema ndizi iliyolazimishwa inaiva ganda tu. Walibishana hivyo, bila hasira, kama watu waliokwisha kubishana njia nzima. Nadhani mama angeshinda kama mimi nisingekuwepo.

"Angalia mutoto," alisema Mama Odeti. "Anatetemeka kama jani. Ndizi njo inakuuma kuliko yeye?"

Mama alinitazama. Midomo yangu, alikuja kuniambia baadaye, ilikuwa na rangi ya majivu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa kitu asichotaka kutoa, "Kidogo tu, Odeti. Usifunge yote."

Mama Odeti aliigongagonga kabari mpaka ikatoka, akaiweka sakafuni, akausukuma mlango kwa uangalifu, akaacha upenyo usiozidi kidole. Alikuwa bado anatuonyesha upenyo huo, akijisifu, treni ilipostuka. Wale waliopanda treni za mizigo wanajua mstuko ule, unaotoka kwenye injini na kupita behewa kwa behewa kama pigo la mjeledi. Mlango uliteleza. Nje tukasikia komeo likianguka, kwaa!

Kulikuwa na giza, isipokuwa wekundu wa makala. Mama Odeti akacheka kicheko chake. Alisema sasa tuko hotelini, tungoje tu watufungulie stesheni inayofuata. Na kweli, joto lilikuja haraka. Lilikuwa joto zuri, siwezi kusema uongo. Miguu yangu ilirudi kuwa miguu. Mama naye alilegeza mabega. Hakuna aliyeogopa, na nataka mnielewe hapa, kwa sababu nimesimulia habari hii mara nyingi na watu huuliza wanawake wazima walikuwaje wajinga hivyo. Hawakuwa wajinga. Waliogopa moshi, kama kila mtu anavyoogopa moshi, na makala yaliyoshika vizuri hayana moshi. Hayana harufu. Kilichokuwa kinatoka pale hakikuwa na rangi wala sauti, na mlango ule, kwa kadiri walivyofundishwa na waliowatangulia, ulikuwa unaachwa wazi kwa ajili ya ndizi.

Mimi peke yangu nilikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wangu ulikuwa wa kitoto. Nilimuuliza mama ndizi zitapumua nini sasa. Akasema zitavumilia mpaka stesheni. Lakini mimi nilizitazama, mikungu ile mingi imesimama gizani kama watu kanisani, nikatutazama sisi tuliokaa katikati yao, nikaona kwamba hewa iliyokuwemo haiwezi kututosha sote. Ilikuwa haki kwamba sisi tupunguze. Upande wa pili wa behewa, chini, karibu na miguu yangu, palikuwa na tundu ambapo msumari mkubwa wa chuma ulikuwa umechomoka zamani. Lilikuwa dogo, lakini pua ya mtoto ilitosha. Nililala kifudifudi, nikajifunika kikwembe mpaka kichwani, nikaweka pua kwenye tundu na kuanza kuvuta hewa ya nje, ili ile ya ndani niwaachie ndizi.

Hewa ile ilikuwa baridi kama kisu. Ilinukia majani yaliyoungua na mafuta ya reli. Niliona mawe yakikimbia, nyasi, kisha miti ya msitu. Nilijiona mtoto mwema sana.

Nyuma yangu mazungumzo yalikuwa yanaendelea, kisha yakaanza kubadilika. Mama Odeti alisema kichwa kinamgonga, akazilaumu nanasi kwa harufu yao. Mama akaanza wimbo wa kanisani, ule aliopenda kuuimba akifua. Aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Katika ubeti wa pili maneno yalianza kuvutika, na katikati ya mstari akaacha. Nilingoja amalizie. Kuna mambo ambayo mwili wa mtoto huyasikia kabla ya akili, na mimi nilisikia mstari ule usiomalizwa ukikaa ndani ya behewa pamoja nasi.

Baadaye treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kupitia tundu niliona kokoto na kibanda cha matofali. Palikuwa stesheni ndogo ya porini, mahali ambapo treni yetu ilitakiwa kungoja treni ya mawe ya shaba ipite. Niligeuka kumwambia mama tumefika, watufungulie. Alikuwa ameegemea mkungu, uso wake ukiwa na tabasamu dogo. Nilifurahi kwamba amelala, kwa maana alikuwa hakupata usingizi usiku. Nikamgusa bega. Nikamwita. Niliuinua mkono wake, na nilipouachia, ulianguka kama kitu cha mtu mwingine. Mama Odeti alikuwa amelala ubavu karibu na mbabula, na alikuwa ametapika.

Nilisimama nikaanguka. Kichwa kilizunguka. Nilitambaa kurudi kwenye tundu, nikavuta hewa, nguvu ikarudi. Nikaenda tena kwa mama, nguvu ikaondoka. Nilifanya hivyo tena na tena, kama mtu anayechota maji mbali kwa kiganja, na kila mara nilifika kwake nikiwa sina kitu mkononi. Nilimvuta mguu ili nimfikishe kwenye tundu. Hakusogea hata kidogo.

Ndipo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Ndizi zilikuwa zimekosa hewa, na sasa zilikuwa zinachukua ya mama. Zilikuwa nyingi, naye alikuwa mmoja. Nilizisihi. Niliziambia kwa sauti ile ile ya chini niliyokuwa nikiitumia njia nzima kwamba zimrudishie mama yangu pumzi yake, kwamba mimi sikuwa nimegusa hewa yao hata kidogo, ziulize tundu. Mbabula ilikuwa hatua moja kutoka kwangu, nyekundu na yenye upole, na sikuifikiria kabisa.

Nje nikasikia nyundo. Wengi wenu mmesahau kazi ile. Treni iliposimama, mfanyakazi wa reli alipita akigonga gurudumu moja moja, na kwa mlio wake alijua kama chuma ni kizima au kimepasuka. Ngo, mbali. Kisha ngo, karibu kidogo. Nilipiga kelele, lakini sauti yangu ilitoka nyembamba, na nje injini ilikuwa inanguruma. Nilitafuta kitu sakafuni kwa kupapasa, mkono wangu ukakutana na kabari. Alipogonga gurudumu letu, ngo, nami niliugonga ukuta wa chuma kwa kabari. Akagonga tena. Nikamjibu. Sidhani kama katika maisha yake ya kazi gurudumu lilikuwa limewahi kumjibu.

"Nani eko mule?" Sauti yake ilikuja kupitia tundu.

Nilimwita tata, kama tunavyowaita baba zetu, nikamwambia kitu pekee nilichokijua. "Tata, ndizi zinakula pumzi ya mama."

Hakucheka. Nilisikia viatu vyake vikizunguka behewa juu ya kokoto, akikimbia, kisha komeo likapigwa kwa nyundo, na mlango ukafunguka kwa mwanga ambao ulinichoma macho. Alikuwa mzee wa nywele nyeupe mwenye koti la bluu. Aliuvuta uso wake nyuma, kama mtu aliyefungua sufuria, kisha akaruka ndani. Alimshusha Mama Odeti kwanza kwa sababu alikuwa karibu na mlango. Kisha mama.

Mama Odeti alizinduka mapema, akitapika na kulia, akiomba maji. Mama hakuzinduka. Yule tata alimlaza chali juu ya kokoto, akamlegeza kikwembe shingoni, akampepea kwa jani la ndizi, akampiga nyayo kwa kiganja. Treni ya shaba ikapita upande wa pili, behewa refu moja baada ya lingine, na kelele yake ikazima kila kitu. Ilipokwisha, dereva wetu alipiga honi kutaka kuondoka. Tata yule hakuinua kichwa. Alinyoosha nyundo yake hewani tu, akiishikilia hivyo, na treni nzima ikangoja chini ya mkono ule.

Nilikuwa nimekaa kichwani pa mama. Nilikuwa nimeweka midomo yangu karibu na pua yake na kumpulizia, kwa maana niliona mimi ndiye niliyekuwa na akiba ya hewa ya nje. Sijui kama ilisaidia kitu. Nilipuliza mpaka masikio yakalia. Kifua chake kikapanda, kikakaa, kikashuka. Akafungua macho, akanitazama muda mrefu bila kunijua.

"Mama," akasema.

Mpaka leo sijui kama aliniita mimi au yule ambaye jina lake nimebeba. Niliitika kwa niaba yetu sote wawili.

Yule tata akaingia tena katika behewa, akatoka na mbabula, akaimwaga kando ya reli. Makala yalitawanyika juu ya mawe yakilia. "Haya njo yalikuwa yanakula pumzi, mutoto," aliniambia. "Ndizi haina kosa." Nilikubali kwa kichwa, kwa heshima, lakini sikumwamini. Mama alipotaka kuichukua kabari kutoka mkononi mwangu, vidole vyangu vilikataa kufunguka. Akaniacha nayo. Tulisafiri mpaka Kolwezi mlango ukiwa wazi wote, mimi nikiwa kati ya magoti yake, sote tukitetemeka kwa baridi, na hakuna aliyeisema vibaya baridi ile.

Ndizi zilifika njano. Zilikuwa nzuri ajabu, na sokoni watu walizipigania. Mama hakuonja hata moja. Mama Odeti hakupanda behewa tena. Alikaa akiuza maandazi Manika, na kila nilipopita kwenda shule aliniita, akaweka kiganja chake kichwani pangu bila kusema kitu, yeye aliyekuwa na maneno mengi kuliko sisi sote, kisha akanipa andazi na kunifukuza kwa utani.

Nilipokua na kuanza kufundisha, nilijifunza kuieleza ile hewa mbaya ya makala kwa wanafunzi, na ninawaeleza kila mwaka baridi inapoanza, polepole, mpaka yule wa nyuma kabisa aelewe. Nilijifunza pia kwamba mama alisema kweli: tunda lililokatwa linapumua, na katika sanduku lililofungwa linapunguza hewa, ingawa si kwa kasi ile. Lakini jambo moja sikulipata katika kitabu chochote. Nafikiri wanawake wa kwanza waliochonga kabari zile walijua vizuri zilikuwa za kumlinda nani. Walijua pia kwamba mwanamke wa biashara, ukimwambia aache mlango wazi kwa ajili ya nafsi yake, atakuambia nafsi yake inaweza kuvumilia. Ukimwambia ni kwa ajili ya ndizi, atauacha wazi mpaka mwisho wa safari.

Mama aliishi mpaka uzee. Wiki zake za mwisho alikuwa kwangu, katika chumba cha nyuma, na ilikuwa tena msimu wa baridi. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Pumzi zake nilizisikia nikiwa jikoni, nikazihesabu bila kutaka. Dada yangu mdogo, aliyekuja kutusaidia kumuuguza, alikuwa anafunga mlango kila alipopita, kwa sababu upepo ulikuwa mkali na mgonjwa ni mgonjwa. Asubuhi moja mama aliinua kidole, akauonyesha mlango, akanitafuta kwa macho.

"Mama," alisema, "weka kale kamuti. Ndizi ipumue."

Dada alinitazama, akidhani akili ya mama imeanza kutangatanga. Hapakuwa na ndizi hata moja ndani ya nyumba. Niliinuka, nikatoa kabari kwenye kikapu, nikaichomeka chini ya mlango na kuigonga kwa kisigino mpaka ikakaza.